Kigoda Mbele ya Lango la Shemeji

Mtaani walimwita Spika, na hakuna aliyekusudia kumsifu. Kwa muda mrefu kazi yake ilikuwa kukaa mbele katika pikapu ya dalali wa mnada, kipaza sauti mkononi, akitangaza nyumba za watu. Pikapu ilikwenda kwa mwendo wa msafara wa mazishi, naye akasoma kwa sauti nzito isiyo na huruma wala chuki: nyumba ya vyumba vinne, yenye uzio, choo cha ndani, maji na umeme, itauzwa Jumamosi asubuhi, njooni nyote, lipa papo hapo. Alisoma vizuri. Dalali alimpenda kwa sababu watangazaji waliomtangulia walikuwa wakifika kwenye jina la mwenye nyumba wanashikwa na kikohozi. Yeye hakukohoa.

Matokeo yake ni kwamba sauti ile ikajulikana kuliko sura. Akinunua nyanya, muuzaji alishtuka kwanza ndipo akapima. Akipiga hodi, wenye nyumba walizima redio. Mara moja aliuliza njia katika mtaa asioujua, na mzee aliyeulizwa akajibu upesi, "Sisi tumepanga tu, mama. Mwenye nyumba kasafiri."

Hakuiacha kazi ile kwa sababu ya dhamiri. Watu wangependa iwe hivyo, maana hadithi za dhamiri huishia vizuri. Yeye aliacha kwa kukereka. Siku moja ya mnada, wakati makochi yakitolewa nje na mwenye nyumba amejibanza nyuma ya tangi la maji akiyatazama mapazia yake kama mtu anayeaga wasafiri, mtu wa benki aliyekuja kusimamia mauzo alikuwa akitafuna karanga.

"Huyu naye," mtu wa benki alisema, "angekuja mwaka jana tungempangia upya. Angelipa kidogo kidogo, angekuwa kwake mpaka leo."

"Mlimwambia?" Spika aliuliza.

"Tulimwandikia."

"Akasoma?"

"Hilo sasa ni lake," akasema mtu wa benki, akamkaribisha karanga.

Spika hakuzichukua. Alikereka kama anavyokereka mtu aliyekuta sufuria ya wali imeungua na watu watatu wamekaa jikoni. Kumbe palikuwa na mlango, na mlango ulikuwa wazi, na huyu bwana alikuwa amekaa ndani ya moshi akisubiri ukuta ubomoke. Methali ya ufa na ukuta alikuwa akiisikia kila mnada, mara nyingi kutoka kwa mwenye nyumba mwenyewe. Wote waliijua. Wote aliwauzia.

Mwezi uliofuata alikirudisha kipaza sauti, akaenda kwenye shirika dogo la ushauri wa makazi lililokuwa na meza moja, viti viwili na imani kubwa. Kazi aliyopewa ilielezeka kwa urahisi: kukaa na watu ambao mikopo ya nyumba imeanza kuwaelemea, kuwasomea barua walizoziogopa, kuwaonyesha cha kuiomba benki, na kuwasindikiza hadi dirishani. Mapema. Neno hilo alilisema kwa sauti ileile ya mnada, na pengine hapo ndipo tatizo lilipoanzia, maana hakuja mtu.

Shirika lilikuwa limepachika bango kubwa barabarani: USHAURI KWA WENYE MATATIZO YA MKOPO WA NYUMBA. Mtu gani mwenye akili zake ataonekana akiingia chini ya maneno hayo? Afadhali angeingia kituo cha polisi, huko angalau waweza kusema umeibiwa. Spika naye akienda nyumbani kwa mtu, majirani walikwisha kuiuza nyumba ile kabla hajamaliza kunywa maji. Wachache waliofika kwake walikuwa wale tu ambao dalali alikwisha kubandika karatasi getini. Yaani walikuja kumuuliza daktari njia ya makaburini.

Ndipo akaenda kuzungumza na kinyozi.

Kinyozi alikuwa na duka lenye viti vitatu, kioo kirefu, na chumba cha nyuma alichokuwa akiwekea taulo. Kila mtu mwenye kichwa ana haki ya kuingia kwa kinyozi. Wakakubaliana. Bango likashushwa, meza ikahamia nyuma ya pazia, na wenye shida wakaanza kupita mbele wakinyolewa na nyuma wakisomewa. Akina mama walileta watoto. Mtoto mmoja alinyolewa mara kadhaa katika mwezi mmoja hadi mwalimu wake akauliza kama nyumbani kuna chawa.

"Mimi siku hizi sina haja ya kuuliza," kinyozi alisema akifagia nywele. "Mwenye kipara akija mara ya pili wiki hii, namwambia tu, pita nyuma, mzee, wembe wako uko huko."

"Usiwacheke, watakimbia."

"Nawacheka wapi? Nawatoza nusu bei. Kipara ni kazi nusu."

Spika aliwapokea wote kwa kauli moja. Njoo wakati bado unaona haya, aliwaambia. Ukishazoea umechelewa. Na kwa kuwa alikwisha kuziona nyumba nyingi zikienda, alijua dalili ambazo hakuna kitabu kilichoziandika. Watu hudhani nyumba inayokaribia kuuzwa huchakaa. Sivyo. Nyumba inayokaribia kuuzwa huwa na rangi mpya. Huwa na geti jipya, maua mapya, pazia lililoagizwa mbali. Mwenye nyumba akishaishiwa, jambo la kwanza analolinda ni macho ya jirani, na macho ya jirani ni ghali kuliko riba.

Kwa hiyo dada yake alipompigia simu kumwita akaone maendeleo, Spika alifunga meza mapema akaenda.

Dada yake alikuwa mshonaji wa sare za shule, mwanamke wa vipimo na maneno machache, mwenye utepe wa kupimia shingoni hata akiwa msibani. Mumewe, ambaye kwa Spika alikuwa shemeji na kwa mji mzima alikuwa fundi wa vigae, aliweka vigae katika hoteli na majumba ya wakubwa, na hakukosa kulitaja jambo hilo. Nyumba yao waliijenga kwa mkopo wa benki, na nyumba yenyewe ikiwa ndiyo rehani. Ilikuwa ya chini, ya bati, safi. Sasa ilikuwa na ngazi.

Ngazi ile ilianzia ubavuni mwa ukuta, ikapanda vizuri, imepambwa kwa vigae vyenye maua ya samawati, ikafika usawa wa mfereji wa bati, ikakoma. Baada ya hapo kulikuwa na anga.

"Juu kutakuwa na nini?" Spika aliuliza.

"Vyumba viwili," dada alisema, akijaribu asitabasamu. "Na baraza ya kupunga upepo."

"Lini?"

"Mambo ya lini muulize shemeji yako."

Shemeji alitokea akicheka kabla hajafika. Kwa desturi walitaniana. Shemeji na shemeji wasipotaniana watu huuliza kuna nini. Lakini siku hiyo alicheka kama mtu anayelipwa kwa kicheko.

"Shemeji! Leo umekuja kutangaza nini?"

"Leo nimekuja kula. Kazi zinaendaje?"

"Kazi kama mvua. Tunaitwa huku, tunaitwa kule, mwili ndio mmoja."

"Na benki, mnaelewana?"

Kicheko kilibaki usoni kama taa iliyosahauliwa mchana.

"Shemeji," alisema, "wewe kuniulizia benki ni sawa na mchimba kaburi kunijulia hali."

"Mchimba kaburi ndiye anayejua nani alichelewa kwenda hospitali."

"Basi njoo ule, chakula kinapoa."

Akala. Alikula akiitazama mikono ya shemeji. Mikono ya fundi wa vigae aliye kazini haitakati hata ukiisugua kwa brashi. Saruji huingia kwenye mistari ya viganja ikaweka makazi. Ya shemeji ilikuwa safi kama ya karani.

Akampigia kesho yake, simu haikupokelewa. Akamtumia ujumbe, ukasomwa, ukaachwa. Pengine jambo lingeishia hapo kwa muda, kama si koo. Miaka ya kipaza sauti ilikuwa imemwachia Spika koo lililomsumbua kila vumbi likizidi, na wiki ile likamsumbua vya kutosha kumpeleka hospitali ya wilaya, kwenye benchi refu la wagonjwa wa nje. Pale, katikati ya mama mwenye mtoto mgongoni na kijana aliyefungwa mkono, alikuwa amekaa shemeji, mkoba wa zana miguuni, namba ya foleni mkononi.

"Unaumwa?" Spika aliuliza.

Shemeji aliruka kama aliyeitwa mahakamani.

"Kidogo tu. Mgongo."

Muuguzi aliyekuwa akipita akamsifu bila kuombwa. "Baba huyu ana roho nzuri sana, mama. Kila siku yuko hapa, na kila siku anawapisha wenzake. Zamu yake ikifika tu, anampa mgonjwa mwingine."

Muuguzi akaenda zake. Shemeji akaitazama namba yake kana kwamba ndiyo iliyomsaliti.

"Kila siku," alisema Spika.

"Ile hoteli ilisimama," shemeji alisema hatimaye, kwa sauti ndogo. "Mkandarasi aliondoka na mashine, na malipo yetu. Sasa nifanye nini? Asubuhi natoka na mkoba kama kawaida. Ukikaa sokoni watakuuliza unauza nini. Ukikaa kijiweni watasema huyu kafilisika. Hapa hakuna anayeuliza. Kila mtu anadhani anajua."

Ilikuwa hoja nzuri, na Spika aliiheshimu. "Umeruka marejesho mangapi?"

"Mawili. La tatu mwisho wa mwezi."

"Na ngazi?"

Shemeji alijikuna kidevu. "Jirani wa geti la buluu aliniuliza mbona gari la kazi halinipitii siku hizi. Kesho yake nikaleta lori la mchanga."

"Kwa hiyo pesa iliyokuwa ya benki ulinunulia saruji, ili jirani asiulize."

"Ukiisema hivyo inasikika vibaya."

"Ngoja niiseme kwa kipaza sauti usikie itakavyosikika."

Mama mwenye mtoto alisogea kidogo ili asikie vizuri. Spika akashusha sauti, jambo ambalo kwake lilikuwa kazi.

"Nisikilize, shemeji. Leo faili lako liko mezani kwa afisa mikopo. Afisa ni mtu, ana kiti mbele ya meza yake, waweza kukaa ukamwambia kilichotokea, na ana uwezo wa kukupunguzia rejesho kwa muda. Ukiruka la tatu, faili linahamia kwa mawakili, na mawakili hawana kiti chako. Baada ya hapo ni dalali. Nimekaa huko mwisho, nakueleza ninachokijua. Nyumba haipotei siku ya mnada. Inapotea siku hizi, ukiwa umekaa kwenye benchi kama hili."

"Kuna kazi nimeahidiwa."

"Na nani?"

"Na mtu."

"Mtu gani?"

"Mtu tu, shemeji! Mbona unanihoji kama polisi?" Akakunja mikono. "Nitakwenda benki kufanya nini? Kusema mimi fundi wa hoteli nimeshindwa? Na dada yako asijue. Nakuomba. Anapenda ile ngazi."

Spika angeweza kumwambia dada yake jioni ileile. Alilifikiria jambo hilo njia nzima, koo likimwasha. Lakini alikwisha kuwaona wanaume waliotangaziwa siri zao na wengine: hufika benki kama mizigo, wanakaa kando, wanaangalia dari, na afisa akiuliza swali wanasema muulizeni mke wangu, yeye ndiye mjuzi. Benki haiwezi kupanga upya mkopo wa dari. Nyumba ilikuwa kwa jina la shemeji, sahihi ilikuwa ya shemeji, na miguu ya kumfikisha pale ilibidi iwe yake.

"Mwambie mwenyewe," alikuwa amemwambia kabla ya kuondoka benchini. "Nakupa mpaka Jumamosi. Usipomwambia nitakuja. Sitasema neno hata moja. Nitakaa tu."

Shemeji alicheka. "Ukae tu? Hilo ndilo la kunitisha?"

Jumamosi asubuhi Spika alibeba kigoda, beseni na njegere zisizomenywa, akaenda kukaa mbele ya geti la dada yake, kwa upande wa barabarani. Akaanza kumenya.

Kwa muda hakuna kilichotokea, isipokuwa njegere. Kisha dirisha la nyumba ya pili likafunguka, likafungwa, likafunguka tena. Mwanamke aliyekuwa akianika nguo aliacha shati likining'inia kwa mkono mmoja. Watoto waliokuwa wakicheza mpira waliitwa ndani na mama zao, kama inavyofanyika gari la maiti likipita. Hakuna aliyemsalimu, wote walimwona. Mtaa mzima ulijua yule ni nani, na kwamba hajawahi kukaa mbele ya nyumba ya mtu kwa ajili ya njegere.

Aliyekuja wa kwanza alikuwa jirani wa geti la buluu, mikono nyuma.

"Za asubuhi, mama."

"Nzuri."

"Kiwanja hiki kina mita ngapi, kwa makisio?"

"Kiwanja kipi?"

"Hiki," jirani alisema, akikionyesha kwa kidevu, kwa adabu.

"Mimi nimekuja kumsubiri shemeji yangu."

"Bila shaka. Bila shaka kabisa." Akainama. "Ila kama litakuwapo neno, mimi ni mnunuzi wa haraka. Napenda hasa ile ngazi." Kisha akaanza kutembea kandokando ya ukuta kwa hatua ndefu zilizo sawa, midomo ikihesabu.

Geti likafunguka, dada akatoka, utepe shingoni.

"Mdogo wangu, mbona umekaa nje kama mlinzi? Ingia ndani."

"Namsubiri shemeji."

"Anaoga."

"Ataoga mpaka saa ngapi?"

"Sijui. Kaingia bafuni alipokuona kupitia dirisha." Dada hakuwa akimtazama tena. Macho yake yalikuwa yamemfuata jirani. Mwanamke aliyepima watoto wa shule nusu ya maisha yake hahitaji kuambiwa mtu anapopima kitu. Alimtazama jirani hadi alipofika kona ya ukuta na kugeuka. Akamtazama mdogo wake, akalitazama beseni, akakitazama kigoda.

"Anapima nini huyu?"

Spika aliendelea kumenya. Alikuwa ameahidi kutosema. Kama shemeji asingetoka, angekuwa amemvunjia dada yake heshima mbele ya mtaa mzima na nyumba isipone.

Shemeji alitoka. Alikuwa amejifunga taulo begani, na taulo lilikuwa kavu.

Alimwangalia Spika kwa jicho ambalo halikuwa na utani hata chembe. Kisha akaenda hadi kwa jirani, akasimama mbele ya hatua zake.

"Jirani, hapa hapauzwi."

"Mimi najinyosha tu miguu."

"Jinyoshee kwako." Akageuka. "Mama watoto, tuingie ndani. Nina maneno ambayo nilipaswa kukwambia zamani."

Mlango ukafungwa. Spika alibaki na njegere. Kwanza ilisikika sauti ya shemeji, ndefu, ya chini, isiyo na vicheko. Kisha sauti ya dada ikapasua dirisha.

"Ngazi! Yaani mimi nawaonyesha wageni ngazi!"

Beseni lilikuwa limejaa dada alipotoka. Hakuwa amelia, au alikuwa amelia na kumaliza. Kwake ilikuwa vigumu kujua.

"Na wewe ulijua," alisema.

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Nilishuku tangu nilipoiona ngazi."

"Ukakaa mezani kwangu, ukala, ukanyamaza."

"Nilikula kidogo."

"Hilo tutalizungumza mimi na wewe, si leo. Umenifanya tamasha la mtaa." Dada aliuvua utepe shingoni, akauviringa kidoleni, ukawa duara dogo lililokaza. "Benki Jumatatu inafungua saa ngapi?"

Jumapili yote ilikwenda kwa matayarisho. Dada alikubaliana na muuza vifaa arudishiwe vigae vilivyobaki kwenye maboksi. Sebule, yenye makochi yaliyokuwa hayakaliwi na mtu ila wageni, iliamuliwa ipangishwe. Kazi ngumu kuliko zote ilikuwa kumfundisha shemeji kueleza yaliyompata kwa maneno machache yaliyo kweli.

"Kazi zilipungua kidogo kutokana na hali," shemeji alianza.

"Hapana. Zilikoma. Sema zilikoma."

"Zilikoma. Lakini mambo yatakaa sawa."

"Benki haina mahali pa kuandika 'mambo yatakaa sawa'," Spika alisema. "Sema lini, sema kwa kazi gani, sema kiasi unachoweza sasa. Usipoweza sema huwezi. Tena, toka mwanzo."

"Huyu alikuwa mtangazaji au sajini?" shemeji alimuuliza mkewe. Mke alimwashiria kwa kidole aendelee. Akarudia toka mwanzo.

Afisa mikopo alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kamba, na aliposikia Spika akisalimia aliinua kichwa.

"Sauti hii naijua."

"Wengi wanaijua. Leo nimesindikiza tu."

"Mmeshapata notisi?"

"Bado," alisema shemeji.

"Wakili kawapigia?"

"Bado."

"Sasa mmefuata nini?" afisa aliuliza, na hakuuliza kwa ubaya. Alikuwa amezoea watu wanaokuja na vilio, na kwa hao alikuwa na utaratibu na boksi la karatasi laini. Watu waliokuja macho makavu, kabla ya kuitwa, walimchanganya. Ilibidi aende kumuuliza mkubwa wake utaratibu wao ni upi, na mkubwa naye akaenda kuuliza. Walisubiri. Mzee mmoja mwenye fimbo alipofika, shemeji alianza kuinuka ili ampishe. Spika akalikamata shati lake kwa nyuma, akamrudisha kitini. Kisha akaona haya, akampisha mzee kiti chake mwenyewe.

Afisa aliporudi alikuwa ameshika karatasi na uso wa kukataa.

"Tatizo ni kipato. Hatuwezi kumpangia upya mtu asiye na kazi. Tungoje apate kazi, kisha mrudi."

"Akiipata baada ya rejesho la tatu?" Spika aliuliza.

"Basi faili litakuwa limeshatoka mikononi mwangu."

Spika alikuwa na la kusema, tena mengi, na sauti ya kuyasema. Aliufunga mdomo wake kwa nguvu na kumtazama shemeji. Kama miguu ile ilikuwa imefika, ulimi nao ulipaswa ufike.

Shemeji alikohoa. "Kazi za hoteli zilikoma," alisema. "Nilikuwa nakataa kazi ndogo. Watu walikuwa wakiniita kuwarekebishia vyoo, majiko, nikawa nawaambia mimi ni fundi wa hoteli, tafuteni mtu mwingine." Akasugua viganja vyake safi. "Nimeshawapigia. Jana. Watatu wamekubali, wawili wamenicheka, lakini wale watatu wamekubali. Kesho naanza na choo cha mwalimu mkuu. Siwezi kulipa rejesho zima. Nusu naweza, kuanzia mwezi huu. Siwezi kusema naweza zaidi, maana nimefundishwa nisiseme."

Dada akaweka mezani hesabu za sare zake, barua ya mtu aliyekubali kuipanga sebule, na kitambulisho chake mwenyewe, ambacho hakuna aliyekiomba.

Afisa aliinama juu ya kikokotoo. Alikuwa na namna ya kubonyeza kama anayechagua maharage. Alibonyeza, akafuta, akabonyeza tena, akaenda kwa mkubwa, akarudi.

"Nusu rejesho hadi mwakani," alisema. "Halafu tunarefusha muda. Lakini niwaambie ukweli, mwishowe mtalipa zaidi kuliko mwanzo mlivyopangiwa. Na mkiruka tena hata moja, sitaweza kuwasaidia."

"Mwishowe tutakuwa wapi?" dada aliuliza.

"Sijakuelewa."

"Tukilipa hiyo zaidi. Tutakuwa tunakaa wapi?"

"Kwenye nyumba yenu."

"Basi andika."

Shemeji alitia sahihi. Dada naye akataka kutia, na palipokuwa na mahali pa namba ya simu ya mkopaji, aliivuta karatasi, akaikata namba ya mumewe kwa mstari mmoja ulionyooka, akaandika yake. Afisa alimtazama shemeji. Shemeji alitazama dari kidogo, kisha akashusha macho.

"Aandike," alisema. "Mimi nilikuwa sipokei."

Shemeji hakumshukuru Spika siku ile, wala wiki ile. Walipokutana alimsalimu kwa heshima kamili, bila utani, na baina ya mashemeji hiyo ni adhabu kali. Dada naye alikuwa na yale mazungumzo aliyoyaahidi, na aliyatimiza yote, tangu njegere hadi kigoda, na Spika alisikiliza mpaka mwisho bila kujitetea. Kisha akarudi nyuma ya pazia la kinyozi, ambako mtu mmoja mwenye nywele fupi mno alikuwa akimsubiri.

Tarehe ya rejesho ilipofika, simu ya benki ililia katikati ya kazi. Dada alikuwa na pini mdomoni na sketi ya shule chini ya sindano. Sebuleni mpangaji alikuwa akipigilia msumari wa picha yake ukutani, na shemeji alikuwa ameingia punde tu, amechafuka hadi kwenye kope, akitafuta maji. Alisimama alipousikia mlio ule. Dada akatema pini kiganjani, akaibana simu begani.

"Tumelipa tangu jana asubuhi," alisema. "Na mwezi ujao msihangaike kupiga. Nitawapigia mimi."

Akakata, akarudisha pini mdomoni, akaendelea na pindo.